Pikapu ya Kilomita Elfu Sabini na Nne

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh! Itikieni kwa nguvu, ndugu zangu, maana aliyesimama mbele yenu leo ni mtu aliyetolewa majini akiwa hai. Semeni Alhamdulillah! Bado. Huko nyuma karibu na mlango sijawasikia. Alhamdulillah!

Ustadha ameniambia nizungumze Kiswahili, kwa sababu humu ndani tuna dada zetu Wapokomo, tuna Waborana, na tuna wake za walimu waliotoka bara. Kiswahili changu ni cha sokoni, mtanivumilia. Ngeli zikinikataa msicheke.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Habiba, Mama Sahra, muuza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Na wasionijua wamenisikia. Pale sokoni wananiita Habiba Shaka, mnadhani sijui? Najua! Jina hilo nilikuwa nalipenda. Dumu la maziwa likija kwangu nalinusa, naonja, namwaga kidogo kiganjani niangalie kama limetiwa maji, halafu namwangalia usoni yule aliyelileta. Mtu akinisalimia kwa tabasamu refu naanza kujiuliza anataka nini. Mume wangu, Allah amrehemu, alikuwa akisema nikifika peponi nitauliza kama mlango ni wa kweli. Ndivyo nilivyokuwa, na nilijiona mwerevu kuliko mji mzima.

Sasa sikilizeni shida yangu ilikuwa nini. Maziwa yangu yanatoka kwa wenye ngamia upande wa Balambala. Wanakamua alfajiri, nami lazima niyafikishe sokoni kabla jua halijawa kali. Mnalijua jua letu. Nilikuwa nategemea magari ya watu. Leo dereva ana homa, kesho amepakia mbuzi, keshokutwa amesimama njiani anakunywa chai saa nzima, nami madumu yananichachia. Siku nyingine nilikuwa namwaga maziwa ya wenyewe huku nalia. Kwa hiyo nilipofikisha miaka arobaini na tatu nikajifunza kuendesha gari. Watu walicheka! Wanaume walikuwa wanasimama kando ya barabara kunitazama nikirudi nyuma. Nikawaacha wacheke, nikapata leseni, na ikabaki kupata gari.

Binti yangu Sahra ndiye aliyeliona tangazo kwenye simu. Pikapu nyeupe ya dizeli, imepigwa picha mbele ya ukuta wa bluu, inang'aa mpaka unaweza kujiangalia. Chini wameandika: kilomita elfu sabini na nne, mwenyewe mmoja tu, haijawahi kugongwa. Muuzaji yuko Nairobi lakini yuko tayari kuileta mpaka Garissa.

Ndugu zangu, nilishuku! Wallahi nilishuku. Nikamwambia Sahra, mtu gani huyu anaacha wanunuzi wote wa Nairobi, anasafiri mpaka kwetu na joto hili? Lazima kuna jambo. Nikamwambia aifungue picha aikuze, nikaangalia matairi, nikaangalia taa, nikaangalia hata kivuli cha mtu aliyepiga picha. Sikuona kitu. Nikasema, basi, nitampelekea Abti.

Abti kwetu Wasomali ni mjomba, ndugu wa mama. Abti Nur ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki nikiwa na miaka sita. Yeye ni dalali wa siku nyingi katika soko la mifugo, na pale sokoni hakuna ng'ombe wala ngamia anayeuzwa bila damiin. Kwa wasiojua, damiin ni mdhamini. Anasimama mbele ya watu na kusema: mwenye mnyama huyu namjua, mnyama si wa wizi, chukua. Akishasema "chukua", mnunuzi haongezi neno. Ukianza tena kumzunguka mnyama, ukimfungua mdomo kuangalia meno, umemtukana damiin, na watu watakushangaa. Ndivyo tunavyoishi. Mimi, pamoja na shaka zangu zote, sikuwahi kuvuka mstari huo.

Abti hajui kusoma. Nikakaa naye kivulini, nikamsomea tangazo. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena, kwa sauti ya mtu aliyefika darasa la nane. Elfu sabini na nne. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwambie alete."

Yule mtu akaja. Kijana nadhifu, kanzu imepigwa pasi, anatoa salamu mpaka kwa mbuzi. Abti alifanya kama anavyofanya siku zote. Alimuuliza ni wa nani, baba yake nani, anakaa wapi, akapiga simu kwa watu watatu. Akaomba karatasi za gari zikaguliwe, zikakaguliwa, zikaonekana ni za kweli na jina ni lake. Mimi nikaingia ndani ya gari nikanusa kama ninavyonusa dumu. Nikawasha, nikaangalia dashibodi: elfu sabini na nne na mia mbili na kitu. Nikajiambia, tangazo limesema hivyo, dashibodi imesema hivyo, mashahidi wawili wamekubaliana. Kumbe, dada zangu, shahidi alikuwa mmoja tu, na ni yule yule aliyeandika tangazo!

Halafu nikaona kitu. Raba ya kanyagio la breki ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana. Kanyagio la klachi pia. Gari la kilomita hizo linalika hivyo vipi? Nikafungua mdomo niulize, na wakati huo huo Abti, amesimama nje na watu wake wa sokoni, akasema kwa sauti, "Huyu mtu namjua. Gari si la wizi. Chukua."

Nikameza swali langu. Mimi Habiba Shaka, ambaye nashuku hata mvua, nilinyamaza kwa heshima ya mjomba wangu. Nikachukua.

Mwezi wa kwanza nilikuwa malkia. Maziwa yanafika sokoni yakiwa baridi, wateja wananingoja. Nikampelekea gari fundi Mutinda, yule Mkamba mwenye gereji karibu na stendi, abadilishe oili. Akaniuliza, "Mama Sahra, imetembea ngapi?" Nikamjibu bila kupepesa jicho, "Elfu sabini na nne." Akasema basi mkanda wa injini bado, huo hubadilishwa kilomita zikifika laki moja na kitu. Nikaenda zangu.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni. Ilikuwa asubuhi, saa mbili, mimi na Sahra tunarudi na madumu kumi na nane nyuma. Mbingu nyeupe, jua linachoma, hakuna wingu. Tukateremka kwenye laga, ule mto mkavu unaokatiza njia, mchanga mtupu. Tulipofika katikati nikasikia kitu kimepasuka ndani ya injini, paa! Gari likazima. Nikawasha, likalia kama mtu anayekohoa, likanyamaza. Nikawasha tena. Kimya.

Sahra akasema, "Hooyo, mama, unasikia?" Nikasikia. Mlio kama malori mengi yanakuja, lakini huko juu hakuna barabara. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, na sisi hatukujua.

Subhanallah! Maji yalikuja rangi ya chai ya maziwa, yamebeba vijiti na mizizi. Mwanzo yalifika kwenye magurudumu, kufumba na kufumbua yako mlangoni. Mlango ukakataa kufunguka. Nilimsukuma Sahra atoke dirishani apande juu ya gari, nami nikamfuata, baibui limenasa kwenye kioo, nikalirarua. Tulikaa juu tumeshikana, pikapu inaanza kusogea chini yetu. Wallahi nilitamka shahada. Nilimwambia Allah, mimi nichukue, huyu mtoto mwache. Nililia kwa sauti yangu yote.

Ng'ambo walikuwepo wanaume wanne waliokuwa wakinywesha ngamia kisimani. Walikimbia na kamba zao za kutekea maji, wakaziunga, wakatutupia. Mara ya kwanza tukaikosa. Mara ya pili Sahra akaidaka. Walimvuta yeye kwanza, kisha mimi, nikiwa nimekunywa maji ya laga ya kunitosha maisha yangu yote. Tulipokanyaga mchanga na kugeuka, pikapu ilikuwa imelala ubavu kwenye mti, na madumu yangu kumi na nane yanaelea kwenda Mto Tana. Nikasujudu pale pale kwenye matope. Allahu akbar! Mtoto wangu yuko hai!

Mngedhani hapo ndipo ushuhuda wangu unaishia. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini maji ya laga yalikuwa mepesi. Shimo lenyewe lilikuwa mbele.

Lori lilituvutia ile pikapu mpaka gereji. Mutinda akafungua, akafungua. Akanionyesha mkanda wa injini, umekatika, umekauka kama ngozi ya mbuzi ya mwaka juzi. Halafu akatoa, nyuma ya kifuniko kimoja ndani kabisa, kikadi kidogo cha oili ambacho mafundi huandika safari ijayo ibadilishwe lini. Kilikuwa kimesahaulika humo. Kilomita laki tatu na elfu themanini. Akanitazama akasema, "Mama Sahra, hii gari imetembea! Wamerudisha tu namba nyuma. Pole sana." Mkanda ule ungebadilishwa kitambo kama ningejua ukweli. Nikampigia yule kijana wa kanzu. Simu haipatikani. Mpaka leo haipatikani.

Ndugu zangu, shaka niliyoimeza siku ile ilirudi, na ilirudi na njaa. Sikulala vizuri, sikula vizuri. Nikaanza kuunga mambo. Mbona Abti alimwamini haraka? Mbona alisema "chukua" wakati ule ule nataka kuuliza? Walipokuwa wamesimama pembeni waliongea nini? Dalali hupata chake, kila mtu anajua. Alipewa nini? Shetani akikuta mlango uko wazi anaingia na godoro lake! Mpaka nikawa na uhakika kabisa kwamba mjomba wangu, aliyeniosha na kunilisha, aliniuza mimi na mtoto wangu.

Nikaenda soko la mifugo, adhuhuri, watu wamejaa. Nikasimama mbele yake nikapaza sauti, "Ulikula pamoja na yule mwizi! Alikupa nini, Abti? Sahra alikuwa na bei gani?" Astaghfirullah. Astaghfirullah. Maneno hayo yalitoka kwenye mdomo huu. Abti Nur aliokota bakora yake akaondoka polepole, na hakuna aliyeniangalia tena usoni.

Kesho yake sikuletewa maziwa. Nikadhani labda lile gari la watu nililorudia kulitegemea limeharibika. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu nikapiga simu kwa wenye ngamia. Wale watu hunipa maziwa kwa kuaminiana, nauza kwanza ndipo nawapelekea chao. Mama mmoja akaniambia waziwazi, "Mama Sahra, kama umemshuku aliyekulea, sisi utatufanyaje?" Akakata simu.

Mnaelewa? Hakuna maziwa, hakuna kazi. Hakuna kazi, Sahra harudi chuo. Na hapo bado nilijiona mimi ndiye niliyedhulumiwa!

Siku ya nne nikasikia kengele nje. Nikatoka, nikamkuta Abti amesimama na ngamia jike, ngamia wake wa maziwa aliye bora kuliko wote. Akasema, "Mimi nilikuwa damiin. Umepata hasara kwa neno langu. Mchukue huyu." Majirani wametoka wote kutazama.

Na mimi nilifanya nini? Dada zangu, naona haya kusema, lakini ushuhuda si ushuhuda kama utaficha. Nilimshuku hata ngamia! Nikajiambia, labda amezeeka, labda ananipunguzia hatia yake kwa mnyama wa kuchinjwa. Nikamwendea, nikamshika taya, nikamfungua mdomo mbele ya mwenyewe, nikaanza kuangalia meno yake.

Majirani wakashtuka. Kuna mama alisema "Ya Allah!" Abti hakukasirika. Alisema kwa upole, na kila neno ninalikumbuka:

"Angalia vizuri, Habiba. Meno hayadanganyi. Ile gari haikuwa na meno, na mimi sijui kusoma. Nikakuuliza wewe. Nikakwambia soma, ukasoma. Nikakwambia soma tena, ukasoma tena. Mimi nilimdhamini mtu kwamba gari si la wizi, na mpaka leo si la wizi. Kilomita sikuzidhamini. Kilomita nilizisikia kwa mdomo wako."

Mikono ikaniteleza kutoka kwa ngamia.

Ndugu zangu, ilikuwa kweli! Yeye aliiamini namba kwa sababu niliisoma mimi. Mimi niliiamini kwa sababu alisema "chukua" yeye. Mutinda aliiamini kwa sababu nilimwambia mimi. Namba ya mwongo mmoja ilizunguka kwetu sote, kila mtu akiipokea kutoka kwa mtu anayempenda, na hakuna hata mmoja aliyeigusa kuona kama ina mifupa. Aliyeibeba kutoka mtu hadi mtu alikuwa ni mimi, Habiba Shaka, mwerevu wa mji mzima! Halafu nikamwita mwizi mtu pekee ambaye alikuwa tayari kulipa.

Nililia pale. Sikulia hivyo hata kwenye laga. Nikamshika Abti miguu, nikasema nisamehe, nisamehe, nimekukosea mbele ya watu. Akaniinua. Nikamwambia ngamia siwezi kumchukua, akakataa, nikakataa, tukabishana mpaka majirani wakaanza kucheka, na mwisho akakubali kurudi naye.

Nikasema, twende sokoni, nilikokutukana ndiko nitakakokuomba msamaha. Tukaenda. Nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba nilisema uongo juu ya mzee huyu, na kwamba namba iliyotudanganya niliileta mimi. Nilitetemeka. Wale wenye ngamia walikuwepo, wameinamisha vichwa wanachora mchanga kwa bakora. Nikajua hawajaniamini, na kwa nini waniamini? Mimi ningejiamini?

Hapo Abti Nur akapita mbele. Akasimama kando yangu, mahali anaposimama damiin. Akasema kwa sauti ile ile ya siku zote: "Huyu namjua. Huyu ni mtoto wa dada yangu. Atakayepoteza maziwa yake kwa Habiba, aje kwangu nimlipe."

Kesho yake alfajiri maziwa yalifika.

Dada zangu, nimeendelea kumtafuta yule kijana. Karatasi zote nimezipeleka kunakohusika na ninafuatilia. Wiki iliyopita Sahra alinionyesha tangazo jingine. Gari jingine, dogo, jekundu, ukuta ni ule ule wa bluu, na mnajua wameandika kilomita ngapi? Elfu sabini na nne! Hata kubadilisha uongo wake ameona uvivu. Huyo yuko huko sasa hivi, anamngoja mmoja wenu. Kwa hiyo nawaambia: namba ya kwenye simu ni maneno ya muuzaji, na namba ya dashibodi ni maneno ya muuzaji pia. Omba karatasi za ukaguzi za gari lilipoingia nchini. Omba rekodi za gereji. Angalia kanyagio, angalia kiti cha dereva, angalia usukani palipolika. Mpeleke fundi kabla, si baada. Na damiin akisimama, muulize kwa adabu: Abti, unanidhamini nini hasa? Hilo si tusi. Abti mwenyewe amenihalalishia, na sasa pale sokoni gari likiletwa yeye ndiye wa kwanza kusema fundi aitwe.

Shaka yangu ninayo bado. Allah hakuniondolea, ameigeuza shingo tu hiyo shaka, itazame panapostahili. Siku hizi kabla sijamshuku mtu najiuliza neno hili nimelipata wapi, na mimi mwenyewe nimelibeba mara ngapi.

Kama humu ndani kuna mwenye ndugu aliyemtuhumu bila kuhakikisha, asingoje Ramadhani. Atoke hapa aende kwake leo, kabla ya Maghribi. Utatetemeka, najua. Nenda hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa sina maziwa, sina gari, sina uso wa kumtazama mtu. Akanisimamia yule yule niliyemtukana, bila kunidai hata maelezo. Basi kama mzee mmoja wa sokoni, asiyejua kusoma, ana moyo wa namna hiyo, Mola aliyemuumbia moyo huo ana rehema kiasi gani? Mtegemeeni, ndugu zangu. Mtegemeeni Yeye, amin.